Maji Aliyoyameza Balozi

Kila siku saa tisa ya mchana ikikaribia, Fortunata aliacha kugeuza kahawa kwenye vichanja, akawafungua mbuzi waliokuwa karibu na baraza, akawahamishia nyuma ya jiko. Mbuzi hawakupenda milio ya bunduki. Wakiisikia walizunguka na kamba zao mpaka wakajinyonga, na mwaka wa kwanza alipoteza majike wawili hivyo hivyo. Mbuzi wakishatulia, alichukua kigoda na ungo wa maharage, akakaa pembeni kidogo ya mumewe, akawa anachambua huku akisubiri vita vipite.

Vita vilikuwa tumboni mwa mumewe.

Mume mwenyewe alikuwa Balozi Clement, mzaliwa wa hapa hapa Itaka, aliyestaafu kazi ya kupatanisha mataifa na kurudi kutunza mibuni aliyoachiwa na mama yake. Ikifika saa tisa alifungua kifungo kimoja cha shati, akaweka mikono magotini, akatazama njia iendayo Mlowo. Walianza mbwa kubweka. Zikafuata bunduki, kwanza za mbali, halafu za karibu, halafu mabati yakipasuka kwa moto na watu wakikimbia huku na huku. Mwishoni kabisa mtoto wa kike alisema kitu kwa lugha ya kwao, taratibu, kama mtoto aliyefundishwa adabu.

"Marahaba, mwanangu," Fortunata aliitikia.

Tumbo likanyamaza. Balozi akafunga kifungo, akaomba chai.

"Mama Wiliam, leo umeweka tangawizi?"

"Nimeweka, Baba Wiliam. Kunywa ikiwa ya moto."

Sisi wa Itaka tulishazoea. Wiki ya kwanza watu walijaa uani mpaka wakakanyaga miche, wiki ya pili wakakumbuka kwamba wana mashamba. Mkutano wa ushirika wa kahawa ulisogezwa asubuhi ili mwenyekiti asikatizwe na risasi. Daktari mmoja alimwekea Balozi kipimo tumboni, akasikiliza kwa makini, akasema ni silaha ndogo ndogo tu, mizinga hamna, akamwandikia dawa ya kiungulia. Tumbo la mtu ni la mtu. Kuna wenye vidonda, kuna wenye minyoo, na huyu wetu alikuwa na vita.

Tusimsingizie: Clement alikuwa fundi wa kazi yake. Aliianzia Tunduma akiwa karani kijana pale mpakani, siku ambayo dereva wa Kizambia na dereva wa Mbeya walizibiana njia kwa malori yao, kila mmoja akiapa kwamba harudi nyuma hata aletewe mtutu. Polisi walishapiga kelele wakachoka. Clement alikuwa na kiroba cha mahindi makavu kutoka kwa mama yake. Akawakalisha madereva kwenye benchi moja, ubavu kwa ubavu kama wafiwa, akampa kila mmoja hindi, akawaambia, "Nisaidieni kupukuchua, ndugu zangu, mashine ya kusaga itafungwa." Mtu anayepukuchua mahindi hawezi kupiga ngumi mezani, na kidole gumba kikianza kuuma anatamani maneno yaishe. Kiroba hakijafika nusu, malori yote mawili yalikuwa yamerudi nyuma. Kwenye foleni ile alikuwamo mkubwa mmoja wa mambo ya nje aliyekuwa anachelewa Lusaka. Ndiye aliyemchukua.

Tangu hapo Clement alizunguka dunia na kiroba chake. Mawaziri walipukuchua, waasi walipukuchua, na kuna mfalme mmoja aliyenogewa akaomba abakiziwe kidogo aende nayo kulala. Kila alikopita, bunduki zilishuka. Mama yake alikuwa anajisifu sokoni Mlowo mpaka wenzake wakawa wanamkwepa.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa ya nchi ile. Jina lake tusilitaje, kwa kuwa mkataba wake bado unafanya kazi na sisi hatutaki lawama. Huko, Jenerali wa serikali na Kamanda wa msituni walikuwa wamepigana muda mrefu mpaka wameanza kufanana sura. Clement aliwakalisha hotelini msimu mzima. Walikubaliana kuhusu jeshi, wakakubaliana kuhusu migodi na nani akalie kiti gani. Wakakwama kwenye jina moja la kijiji: Kasolwe.

Kasolwe walilima mihogo. Asubuhi moja watu wa Kamanda walipita wakachoma upande wa mtoni. Saa tisa ya siku hiyo hiyo watu wa Jenerali wakaja wakamalizia upande uliobaki, wanakijiji wakiwa ndani. Jina hilo likiandikwa, wakubwa wote wawili walikuwa na kesi ya kujibu. Kwa mara ya kwanza walikubaliana pasipo hata punje moja kupukuchuliwa: Kasolwe itoke, la sivyo hakuna atakayesaini.

Clement alifikiri sana. Kila siku waliyobishana hotelini, kule watu walikuwa wanakufa. Mwishowe akachukua kalamu akalifuta jina mwenyewe, kwa mkono wake, maana hakutaka kumtwika katibu dhambi hiyo. Alipoulizwa baadaye na shangazi yake, alisema aliwapima waliokwisha kufa na waliokuwa bado hai. Mizani ya namna hiyo hakuna aliyewahi kumfundisha mwenzake, na sisi hatujui kama tungepima vinginevyo.

Hapo ndipo yanapoingia maji. Huku kwetu watu waliogombana hawapatanishwi kwa kupeana mikono. Mkono ni mkono tu, hata mwizi anao. Wanakalishwa chini, kila mmoja anasema yaliyo moyoni mwake mpaka yaishe, hata yawe ya aibu, hata ichukue kutwa nzima. Yakiisha inaletwa kata moja ya maji. Kila mmoja anajaza kinywa na kutema chini mbele ya wenzake, na msuluhishi anatema wa mwisho. Ugomvi umetoka, ardhi imeunywa. Lakini likibaki neno moja halijasemwa, atapatikana wa kuyameza yale maji, na akishameza ugomvi umehamia kwake, utakula naye na kulala naye. Dawa ni moja tu: alitaje lile neno mbele ya wale wale, kisha aje atapike maji yake. Haya watoto wetu wanayajua kabla hawajajua kuhesabu, na Clement aliyajua pia.

Siku ya kusaini alitaka afanye jambo la kwao, la heshima, akaomba kata ya maji. Jenerali akatema kwenye beseni, Kamanda akatema, kamera zikawaka. Yaliyo moyoni hawakuwa wameyasema. Walikuwa wamesaini tu. Clement akajaza kinywa. Mhudumu akadhani shughuli imekwisha, akaondoka na beseni. Chini palikuwa na zulia jekundu la kuazima. Hapo hapo mwandishi mmoja wa habari akanyoosha mkono: "Mheshimiwa Balozi, na Kasolwe je?"

Mashavu yamejaa, beseni limekwenda, wakubwa wawili wanamkodolea macho. Clement akameza ili apate kujibu.

"Hakuna jambo lililoachwa nje," akasema. Makofi yakapigwa.

Uwanja wa ndege walimpitisha kwenye mashine mara tatu, kwa sababu milio ilisikika na bunduki haikuonekana. Mwishowe ofisa akasema kanuni zinakataza silaha mkononi na kwenye mizigo, tumboni hazikusema kitu, basi apite. Alipofika Itaka shangazi yake Tabita, mdogo wa baba yake, mwanamke mfupi mwenye ulimi usio na breki, alimsikiliza tumbo mara moja tu.

"Umemeza," akasema.

"Nimemeza, Shangazi."

"Na shule yote ile tuliyokusomesha! Funika kombe mwanaharamu apite. Haya, mwanaharamu kapita, kombe nalo limekukaa tumboni."

Fortunata hakuuliza mengi. Aliuliza moja tu: yule mtoto wa mwishoni anasema nini.

"Anasalimia," Balozi alimjibu.

Basi Fortunata, ambaye hajawahi kuacha salamu ya mtoto ianguke chini, akawa anaitikia marahaba kila siku, mwaka hadi mwaka.

Ilikuwa katika baridi ya Juni, kahawa imeiva, mwanamke mmoja aliposhuka kwenye bodaboda kutoka Mlowo. Alikuwa amejifunga vitenge viwili na sweta la kiume, na viatu vyake vilikuwa na vumbi la njia nyingi. Akapiga hodi uani.

"Naitwa Nesta, mukwai," akasema, kwa neno la heshima la kule Zambia. "Nauza vitumbua Nakonde, ng'ambo ya Tunduma. Nimekuja kusikiliza tumbo la mzee."

Aliyasema kama mtu aliyekuja kuulizia mayai. Dereva mmoja wa lori ndiye aliyempa habari. Saa tisa ilimkuta Balozi dukani Mlowo akinunua mbolea, na yule dereva, aliyekuwa pale anakunywa soda, alitambua lugha ya Kasolwe. Aliporudi Nakonde akasimulia huku anakula vitumbua vya Nesta.

"Bado kidogo vianze," Fortunata akamwambia. "Kaa mwenzangu, unywe uji kwanza, umekauka."

Nesta alikunywa uji wote. Balozi alikuja akakaa mahali pake, akamsalimu, akafungua kifungo. Mbwa walipoanza, Nesta alisema, "Huyo wa jirani yetu, mkali huyo." Mabati yalipopasuka alisema, "Kanisani hapo." Alikuwa anayatambua moja moja, kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi. Kisha mtoto akasema yake.

"Marahaba, mwanangu," Fortunata akaitikia.

Nesta akamgeukia. "Mbona unamjibu hivyo, mama?"

"Si anatusalimu?"

"Hasalimii. Anauliza, 'Mama, nifunge mlango?' Huyo ni Aida wangu."

Ungo ulimtoka Fortunata, maharage yakatawanyika uani, kuku wakaja. Hakuna aliyewafukuza. Nesta akaeleza, macho yake yako kwenye tumbo la Balozi. Mlango wao ulikuwa mbovu. Ukifungwa kwa ndani haukufunguka mpaka mtu mzima ausukume kwa bega kutoka nje. Kwa hiyo alimfundisha mtoto asifunge kabla ya kumwuliza. Siku ile yeye alikuwa amevuka mto kwenda kusaga, na mtoto, kwa kuwa alikuwa msikivu, aliuliza. Aliuliza kwanza, hakukimbia.

"Baba Wiliam," Fortunata akasema.

Balozi alikuwa anahangaika na kifungo, hakiingii.

"Miaka yote hii nimemwitikia marahaba."

"Ningekuambia nini, mke wangu?"

"Ungeniambia ukweli, ningemwambia akimbie!" Fortunata akalia kwa sauti, yeye ambaye hata msiba wa mama yake mzazi alilia kwa kufinya midomo. Alilia kwa aibu ya kila marahaba aliyoitoa.

Nesta hakulia. Alikuwa na shida moja, akaisema waziwazi. Alitaka Balozi ayateme maji ili mtoto atoke. Hakutaka fidia, hakutaka mtu afungwe, wala hakuwa na habari na mikataba. Atoke tu, amshike mkono, waende.

Shangazi Tabita aliitwa. Alikuja akitafuna hindi la kuchoma, akakumbusha kanuni: neno litajwe mbele ya wale wale waliokuwapo, si uani kwa watu, si kanisani. Kwa bahati, au kwa balaa, wale wale walikuwa njiani. Nchi ile ilikuwa inatimiza mwaka wa kumi na moja bila vita, na kwa kuwa Balozi alishachoka kusafiri, Jenerali, ambaye sasa ni rais, na Kamanda, ambaye sasa ni makamu wake, walipanga kuja kumshukuru huku huku. Shughuli ingefanyika kwenye uwanja wa mpira pale Mpemba, kando ya barabara kuu. Kutema maji kungekuwamo. Kule kwao kulishakuwa desturi ya taifa. Walikuwa na stempu ya posta yenye picha ya Balozi na kata.

"Nikilitaja jina lile, mkataba umekufa," Balozi alimwambia Nesta. "Kila mmoja atamtupia mwenzake. Wanarudi msituni."

"Najua, mzee."

"Watakufa watu."

"Najua. Na wangu yumo humo ndani, anauliza mlango."

Balozi alikizungusha kikombe mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, "Nitalitaja." Shangazi Tabita aliacha kutafuna.

Nesta alipewa chumba cha Wiliam, aliyekuwa anafanya kazi Dar es Salaam. Akawa anachuma kahawa na Fortunata asubuhi, na saa tisa anapiga magoti mbele ya Balozi na kusemea tumboni: "Usifunge, mwanangu. Toka, kimbilia mtoni." Kesho yake mtoto aliuliza vile vile, kwa sauti ile ile, kama asiyesikia. Nesta akajibu tena. Alishona gauni la kitenge lenye maua ya njano, la umri aliokuwa nao Aida siku ile, akalitundika ukutani. Balozi alikuwa akipita mlangoni pa chumba hicho anainamisha kichwa. Alikonda mpaka mkanda ukahitaji tundu jipya, na usingizini alikuwa anasema, "Nitalitaja, nitalitaja," kwa Kinyiha, lugha ambayo hajawahi kuitumia kazini.

Siku ya Mpemba ilifika na vumbi lake. Malori yalisimamishwa kutoka mpakani mpaka nje ya mji, na madereva wakapanda juu ya matela yao kutazama. Palikuwa na mahema, matarumbeta, na beseni kubwa la shaba ambalo safari hii lilifungwa kwa mnyororo mezani. Balozi aliketishwa katikati, Jenerali kulia, Kamanda kushoto, mbele yao kiroba cha mahindi kwa ajili ya picha. Wote wawili walikuwa wamenenepa. Fortunata na Shangazi Tabita walikaa nyuma yao, na Nesta alisimama penye kamba, gauni la njano mkononi.

Hotuba zilirefuka kama kawaida ya hotuba. Saa tisa ikafika, mbwa wakaanza kubweka chini ya suti ya Balozi. Hakuna aliyegeuka. Kiongozi wa matarumbeta, aliyeshaelezwa mapema, aliwapa vijana wake ishara wakapiga kwa nguvu zaidi. Bunduki zikaja, mabati yakapasuka. Jenerali aliitazama saa yake. Kamanda aliokota hindi akaanza kulipukuchua, bila kuambiwa na mtu. Matarumbeta yakaishiwa pumzi, na katika ule upenyo watu wa mbele walisikia vizuri kabisa, "Mama, nifunge mlango?"

"Usifunge!" Nesta akaita kutoka penye kamba.

Kata ikaletwa. Jenerali akatema, Kamanda akatema. Balozi akapewa kipaza sauti, aseme neno kabla ya kujaza kinywa. Alisimama. Sisi tuliojua tulishikana mikono. Shangazi Tabita alikuwa anasema chini chini, "Litaje, mtoto wa kaka yangu, litaje, litaje."

Hapo ndipo ilipoingia kwaya. Haikuwa zamu yao. Mtu wa itifaki alikosea, akawaruhusu mapema. Walikuwa watoto wa kutoka nchi ile, wameletwa kwa basi, wote wamezaliwa baada ya mkataba. Walivaa soksi nyeupe. Wakajipanga mbele ya Balozi, mdogo kuliko wote akiwa na pengo la meno mawili, wakamtazama wakisubiri amalize ili waimbe. Hawakuwa na haraka. Hawajawahi kukimbia chochote maishani mwao.

Balozi aliwatazama. Aliwatazama mmoja mmoja, kisha akatazama penye kamba, kisha akawarudia. Midomo yake ilijikunja kuanza herufi ya kwanza, tuliiona. Lakini jina halikutoka. Akarudisha kipaza sauti, akajaza kinywa maji, akasimama hivyo muda mrefu, machozi yakimshuka kwenye mashavu yaliyovimba. Akameza.

Makofi yakapigwa. Kwaya ikaimba, na kwa kweli waliimba vizuri.

Nesta alikunja gauni lile mara mbili, akaliweka kwapani. Jioni, uani Itaka, Balozi alimfuata alipokuwa anaosha miguu.

"Ni wale watoto, Nesta."

"Nimewaona, mzee. Wazuri. Mungu awatunze." Akasugua kisigino kwa jiwe. "Lakini wale wana mama zao wa kuwasemea."

Alisema hivyo tu. Fortunata alitaka kumfungia mumewe nje usiku ule, lakini alipoufikia mlango hakuweza kuufunga, akauacha wazi, wote wakalala na baridi. Hajaufunga mlango wowote tangu siku hiyo.

Baada ya kumeza mara ya pili vita vilikuwa vinaanza saa tisa na havimaliziki mpaka giza. Mibuni iliyokuwa karibu na baraza ikapukutisha majani kwa moshi. Balozi hakudumu. Alikufa kabla kahawa ya mwisho haijakauka, amekaa pale pale kwenye kiti chake, mikono magotini, kifungo kimoja wazi. Fortunata alijua amekufa kwa sababu moyo ulinyamaza. Tumbo liliendelea.

Tulimzika kwenye shamba la mama yake, kati ya mibuni. Mchungaji alisoma harakaharaka tuwahi, lakini udongo ulikuwa bado haujajaa ilipofika saa tisa, na mbwa wakabweka kule chini. Tukaendelea kufukia. Ungefanya nini? Maiti haiwezi kukaa juu. Shangazi Tabita ndiye aliyelia kuliko wote, akimtukana marehemu na kumbembeleza kwa pumzi moja, "Mjinga wewe, fundi wangu wewe, ulimpatanisha kila mtu."

Mwezi uliofuata nchi ile ilituma marumaru nyeupe, kaburi lijengwe kwa heshima ya mtu mkubwa. Walimkodi Jastin, fundi wa Mlowo, ambaye amejenga makaburi mengi ya maana kwenye wilaya yetu. Nesta alikuwa bado yupo kwenye chumba cha Wiliam. Hakuna aliyemwuliza ataondoka lini. Akamwendea Jastin akiwa anachanganya saruji.

"Fundi, niachie uwazi upande wa miguu. Wa kupita mtoto wa hivi." Akaonyesha kimo kwa mkono.

"Niweke fremu?"

"Usiweke kitu. Wazi tu."

Jastin akaacha uwazi. Saa tisa Nesta alikaa mbele yake na gauni mapajani. Mtoto akauliza, "Mama, nifunge mlango?" na kwa mara ya kwanza sauti ilikuwa karibu, haina tumbo la mtu katikati. "Acha wazi, mwanangu," Nesta akasema. "Njoo hivi, fuata sauti yangu." Kesho yake sauti ilikuwa karibu zaidi. Siku iliyofuata Fortunata alisikia miguu midogo ikikanyaga kokoto kule ndani, akaenda kuchemsha maji ya kuogea, akaweka na uji. Itaka nzima ilikuwa inatembea kwa kunyata.

Ndipo wakaja wajumbe wa nchi ile kukagua kazi kabla ya uzinduzi. Walikuwa watu wa heshima, walitoa pole, walivua kofia. Mkubwa wao alilizunguka kaburi na mchoro mkononi, akafika upande wa miguu, akasimama.

"Huu uwazi haumo," akasema.

Nesta alieleza. Alieleza kwa lugha yao, kwa utaratibu, kuanzia mto na kusaga mpaka ule uwazi wenyewe. Yule mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, na alipomaliza macho yake yalikuwa mekundu. Akasema yeye mwenyewe mama yake alikuwa na shamba upande ule. Akasema anaelewa kabisa. Kisha akamgeukia Jastin akamwambia azibe, kwa sababu Rais atapiga picha hapo na uwazi utaulizwa. Jastin aliziba huku analia, lakini aliziba, na kwa kuwa ni fundi mzuri hata alama ya kiungo huioni.

Rais alikuja, akapiga picha, akaondoka. Amani ya nchi ile ipo mpaka leo; malori yake yanapita Tunduma usiku na mchana, na kwaya ile sasa wamekuwa vijana wenye ndevu. Kasolwe haijaandikwa popote.

Nesta anachuma kahawa na Fortunata, na jioni wanakula sahani moja. Saa tisa wanakwenda kaburini, wanakaa kwenye vigoda. Marumaru ni nzito lakini sauti inapita. Siku hizi Aida haulizi tena kama afunge. Kwanza unasikika mkono mdogo ukipapasa upande wa miguu, juu, chini, pembeni, kisha anauliza kwa adabu ile ile:

"Mama, nani kafunga mlango?"

"Wakubwa, mwanangu," Nesta anamjibu. "Subiri hapo hapo." Halafu anasimama, anaweka bega kwenye jiwe, anasukuma.